Nyumba Kuukuu na Mzigo Mpya wa Umeme

Mtu anayetaka kununua au kurithi nyumba ya zamani huikagua kwa macho. Hutazama nyufa za kuta, hugonga miimo ya milango asikie kama imeliwa na mchwa, hupanda ngazi aone kutu ya mabati. Nyaya za umeme, ambazo zimezeeka pamoja na nyumba hiyo hiyo, hazimwonyeshi ufa wala kutu. Akibonyeza swichi na taa ikawaka, huridhika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuwaka kwa taa ni ushahidi hafifu sana wa uzima wa nyaya, na kwamba mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kufundishwa kanuni ya Ohm anaweza, kwa saa ya mkononi na birika la umeme, kuipima nyumba ya wazazi wake vizuri kuliko wengi wadhaniavyo.

Suala hili lilinijia kwa njia ya kifamilia. Mwezi Desemba 2024 nilikwenda Tanga kumwamkia shangazi yangu, mwalimu mstaafu na mjane, anayekaa katika nyumba iliyojengwa mwaka 1957. Ina vyumba vinne vya mbele, ua, na banda lenye vyumba viwili vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayomsitiri. Baada ya kuulizana hali akanieleza haja yake. Bei ya mkaa imemshinda, naye amesikia redioni habari za nishati safi ya kupikia. Ataka kununua jiko la presha la umeme. Mpangaji mmoja naye ameomba ruhusa ya kufunga hita ya maji bafuni. Fundi wa mtaani alikuwa amekwisha kumhakikishia kwamba hakuna tatizo.

"Wewe umeyasomea mambo haya huko Ulaya, mwanangu," akasema. "Niambie basi, nyumba hii itavumilia?"

Shahada yangu ya udaktari niliipata kwa kuchunguza vihami vya nyaya kubwa za kusafirishia umeme, na sikumbuki kama watahini wangu waliwahi kuniuliza swali gumu kama hilo. Nilimwomba anipe siku mbili.

Haja ya shangazi ni haja ya kaya nyingi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034, umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Lengo ni jema kwa misitu na kwa mapafu ya akina mama. Tena kwa upande wa mitambo nchi imetoka mbali: kituo cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, kina uwezo wa Megawati 21, na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa Megawati 2,115. Lakini umeme huo wote, ukifika mlangoni pa shangazi, hauna budi kupita katika nyaya nyembamba zilizofungwa mwaka 1957 kwa ajili ya taa, redio na pasi.

Yale yaliyoonekana kwenye bodi

Nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA twende naye. Yafaa niseme mapema kwamba kufungua bodi ya fyuzi na kushika nyaya darini si kazi ya mwanafunzi, wala si kazi ya mwalimu wa fizikia. Hata swichi kuu ikizimwa, nyaya zitokazo kwenye mita hubaki zina umeme, na lakiri ya mita ni mali ya TANESCO, haiguswi. Ya mwanafunzi ni yale yanayoonekana, yanayonuswa na yanayohesabika kutoka nje, nayo ni mengi.

Swichi kuu ilikuwa kasha la chuma lililoandikwa Ampea 30. Tukizidisha Ampea 30 kwa Volti 230 tunapata Wati 6,900. Huo ni ukomo wa nyumba nzima, hata kama kila waya ndani yake ungekuwa mpya. Chini ya swichi hiyo zilikuwapo fyuzi sita za kauri, tatu katika waya wa moto na tatu katika waya wa nyutro. Mtindo huo wa fyuzi mbili mbili uliachwa zamani, na kwa sababu nzuri. Ikiungua fyuzi ya nyutro peke yake, taa huzimika na mtu hudhani umeme umekatika, ilhali waya wa moto bado una Volti zake zote mpaka kwenye kishikio cha balbu. Aliyepanda kiti kurekebisha taa hiyo huenda asishuke akiwa mzima.

Nyaya zenyewe zilikuwa na rangi ya fedha ndani ya mpira mweusi. Kijana aliyekuwa akimsaidia fundi alisema ni alumini. Ni shaba iliyopakwa bati. Mpira wa zamani ulitiwa salfa ili ukomae na kuwa mgumu, na salfa hula shaba. Kwa hiyo viwanda viliipaka shaba madini ya bati ili kuikinga. Mwenye kuona rangi hiyo ndani ya mpira ajue kwamba anatazama waya wa enzi iliyotangulia plastiki ya PVC, ambayo ilienea katika miaka ya 1950 na 1960. Mpira huo hukauka kwa joto na kwa oksijeni ya hewa. Ukiachwa umetulia, unaweza kuendelea kushikilia mahali pake kwa miaka mingi. Ukikunjwa na fundi anayetaka kuongeza soketi, huvunjika vipande vipande kama ganda la yai, na shaba ikabaki wazi. Ndiyo maana nyumba ya namna hii yaweza kukaa salama miongo kadhaa, kisha ikaleta balaa mwezi ule ule ilipofanyiwa marekebisho.

Waya uliokwenda kwenye banda la uani ulikuwa na nyuzi tatu, kila moja ikiwa na kipenyo cha sehemu 29 za elfu ya inchi, yaani milimita 0.74. Eneo la nyuzi hizo tatu kwa pamoja ni milimita za mraba 1.28. Leo dukani tunanunua waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi. Kumbe waya wa banda ulifungwa kwa ajili ya taa mbili tu. Soketi ya matundu ya mraba iliongezwa baadaye kwa kuunganishwa juu yake. Kauri ya fyuzi yake ilikuwa imeandikwa Ampea 5.

Fyuzi iliyotibiwa

Nilimwuliza shangazi kama fyuzi ya banda imewahi kumsumbua. "Ilikuwa ikikatika kila mpangaji akichemsha chai," alijibu. "Akaja fundi mmoja akaitengeneza, haijakatika tena mpaka leo."

Tulipoichomoa tuliona jinsi ilivyotengenezwa. Badala ya uzi wa fyuzi kilikuwamo kipande cha waya wa kawaida wa nyumba, wa milimita za mraba 1.5, ambao kipenyo chake ni milimita 1.38. Uzi halali wa fyuzi ya Ampea 5 una kipenyo cha milimita 0.20. Mhandisi wa Uingereza William Preece alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba mkondo unaoyeyusha uzi wa shaba unakaribia kuwa 80 mara kipenyo kilichopandishwa kipeo cha moja na nusu, kipenyo kikiwa katika milimita. Mwanafunzi na akokotoe: uzi wa 0.20 huyeyuka kwa takriban Ampea 7. Kile kipande cha 1.38 huhitaji takriban Ampea 130.

Birika la Wati 2,000 huvuta Ampea 8.7. Fyuzi ya awali ilikuwa ikikatika kwa haki kabisa. Ilikuwa ikisema kwamba waya huu ni wa taa, wala haukubali birika. Watu wengi hudhani kuwa fyuzi imewekwa ili kulinda kifaa, redio au friji. Fyuzi ya kwenye bodi hulinda waya uliofichwa ukutani na darini. Ilipowekewa kipande kile, kazi ya fyuzi ilihamishiwa kwa waya wa 1.28: kama shoti ingetokea, kitu cha kwanza kuyeyuka kingekuwa waya wenyewe, ndani ya dari ya mbao.

Mwaka 1841 James Joule alionyesha kwamba joto linalozalishwa katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Ndiyo maana nyumba iliyotumika bila taabu kwa Ampea 5 haina haki ya kudaiwa Ampea 10 eti kwa kuwa "ni mara mbili tu".

Hapa pana jambo moja linalotuhusu sisi watu wa nchi za joto. Majedwali ya uwezo wa nyaya yamekokotolewa kwa hewa yenye nyuzijoto 30, na PVC ya kawaida hairuhusiwi kuzidi nyuzijoto 70. Basi waya una nafasi ya nyuzi 40 za kupanda. Lakini adhuhuri ya Tanga, kati ya dari na mabati, hewa yaweza kufika nyuzi 50, na nafasi iliyobaki ni nyuzi 20, yaani nusu. Kwa kuwa joto hufuata kipeo cha pili cha mkondo, mkondo unaoruhusiwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha nusu, ambacho ni 0.71. Waya wa Ampea 20 umekuwa wa Ampea 14, na hakuna aliyeugusa. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, katika nyumba ambayo darini maji yaliganda kuwa barafu wakati wa baridi, jambo hili lilipitwa kwa sentensi moja darasani. Kwetu lilistahili kipindi kizima.

Birika likawa mizani

Hata hivyo, mpaka hapo tulikuwa tumesoma maandishi na vipimo vya kipenyo tu. Nilitaka nyumba yenyewe iseme. Nilichukua birika la Wati 2,000, nikatia lita moja na nusu ya maji ya mtungi, nikalichemsha katika soketi iliyo karibu na bodi. Kila kifaa kingine kilikuwa kimezimwa. Lilichukua dakika 4 na sekunde 10, yaani sekunde 250, na kipimo cha fundi kilionyesha Volti 230 pale kwenye bodi huku birika likichemka. Tuliliacha lipoe kabisa, tukatia maji yale yale ya mtungi kwa kiasi kile kile, tukalipeleka kwenye banda la uani, mita 18 kutoka kwenye bodi. Safari hii lilichukua dakika 5 kamili.

Tofauti ya sekunde 50 yaonekana ndogo. Mpangaji alikuwa ameiona miaka yote na kudhani birika lake ni bovu. Tuifanyie hesabu. Maji yalihitaji nishati ile ile, kwa hiyo Wati zilipungua kwa uwiano wa 250 kwa 300, yaani 0.833. Kwa kuwa ukinzani wa birika haubadiliki sana, Wati hufuata kipeo cha pili cha volteji. Kipeuo cha pili cha 0.833 ni 0.913, na 0.913 mara 230 ni 210. Birika la uani lilikuwa likipata Volti 210. Volti 20 zilikuwa zimepotea njiani. (Msomaji makini atasema kwamba birika linalochelewa kuchemka hupoteza joto zaidi hewani, hivyo jibu limekuzwa kidogo. Ni kweli, halibadilishi yatakayofuata.)

Ukinzani wa birika ni 230 mara 230 gawanya kwa 2,000, yaani Ohm 26.45. Kwa Volti 210 mkondo wake ni Ampea 7.94. Sasa, waya wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 1.28, kwenda na kurudi mita 36, una ukinzani wa 0.0172 mara 36 gawanya kwa 1.28, yaani Ohm 0.48. Waya huo ungepoteza Volti 4 hivi. Zile 16 nyingine zilikuwa wapi?

Volti 16 zikizidishwa kwa Ampea 7.94 hutoa takriban Wati 128. Hilo ni joto la zaidi ya balbu mbili za zamani za Wati 60. Lingetawanyika katika mita 36 za waya, lisingemdhuru mtu. Lakini hakuna sababu ya waya kupoteza mara nne zaidi ya ukinzani wake. Lilikuwa limekusanyika mahali pamoja.

Mita ya LUKU ilithibitisha jambo hilo. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayometameta, na usoni huandikwa idadi ya metameto kwa kila uniti. Ya shangazi iliandikwa 1,000. Uniti moja ni Jouli 3,600,000, kwa hiyo kila metameto ni Jouli 3,600. Birika lilipokuwa karibu na bodi, metameto 60 zilichukua sekunde 108, yaani Wati 2,000. Lilipokuwa uani zilichukua sekunde 118, yaani Wati 1,830 hivi, ilhali birika lenyewe lilipokea 1,667 tu. Kiasi kilichobaki shangazi alikilipia ili kipashe joto dari yake.

Ndipo alipokumbuka harufu. Kwa muda mrefu stoo iliyo kati ya nyumba na ua ilikuwa na harufu ya samaki. Katika mji wa pwani, nyumba ikinuka samaki nani atamwita fundi wa umeme? Walilaumiwa paka. Lakini baadhi ya plastiki ngumu zitumikazo katika vifaa vya umeme, zikipashwa joto kupita kiasi, hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki au ya mkojo. Fundi alizima swichi kuu, akapanda darini juu ya stoo, akakuta kikopo cheusi cha kuungia nyaya, kimepasuka, skrubu yake moja imelegea, na boriti iliyo chini yake imekuwa nyeusi kwa upana wa kiganja. Akaigusa kwa kucha, ikamomonyoka. Ilikuwa mkaa. Shangazi alikuwa akiukimbia mkaa jikoni, na mwingine ulikuwa ukichomwa juu ya stoo yake bila tanuri.

Mwenendo wa kiungio kilicholegea ni wa kujiangamiza. Palipo na mgusano mdogo pana ukinzani. Penye ukinzani pana joto. Joto huifanya shaba iote utando wa oksidi, nao huongeza ukinzani. Na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha mambo. Tena angalia jambo hili, ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hulikosea kila mtihani: mkondo haukuongezeka. Ulipungua, kutoka Ampea 8.7 hadi 7.94. Fyuzi hupima mkondo tu, na kwa hiyo kiungio kibovu haikioni, hata ingekuwa fyuzi halali ya Ampea 10. Breka ya kisasa nayo haikioni. Kinachokiona ni pua, kiganja cha mkono kinachogusa plagi iliyochomolewa sasa hivi, na saa.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili la birika kama kazi ya nyumbani, mzazi akiwapo. Birika liwe zima, maji yawe kiasi kimoja na joto moja, na soketi yenye ufa, yenye weusi au yenye kutoa cheche isitumiwe kabisa. Ikitoka harufu, jaribio limekwisha na jibu limepatikana.

Waya wa ardhi uliokosa ardhi

Jambo la mwisho lilikuwa nje. Waya wa ardhi wa nyumba hii, ambao mafundi huuita ethi, ulifungwa kwenye bomba la chuma la maji, kama ilivyokuwa desturi zamani. Bomba hilo lilizikwa mita nyingi ardhini na lilifaa. Miaka michache iliyopita lilitobolewa na kutu, likabadilishwa kwa la plastiki. Fundi bomba aliitenda kazi yake vizuri, na kwa kazi hiyo nzuri aliikata nyumba na ardhi bila mtu yeyote kujua. Waya wa ethi ulibaki umefungwa kwenye kipande cha chuma cha nusu mita kinachotoka ukutani.

Tuseme sasa tunachimbia fimbo mpya ya shaba, nayo pamoja na njia yote ya kurudi kwenye transfoma ina ukinzani wa Ohm 50, ambao kwa ardhi kavu si wa ajabu. Friji ikipata hitilafu na waya wa moto ukagusa bodi yake ya chuma, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani Ampea 4.6. Fyuzi ya Ampea 15 itautazama mkondo huo na kuuacha upite. Friji itaendelea kufanya kazi, na bodi yake itakuwa na zaidi ya Volti 100, ikimsubiri mtoto mwenye miguu mitupu na sakafu yenye maji. Ndiyo maana penye fimbo ya ardhi haitoshi fyuzi. Yahitajika swichi ile inayolinganisha mkondo uendao na urudio, na kujikata ukivuja Ampea 0.03 tu. Kwa swichi hiyo hata fimbo ya Ohm mia kadhaa hutosha. Kama mwenye nyumba kuukuu ana fedha za kununua kitu kimoja tu mwezi huu, mimi ningemshauri aanze na hiki, fimbo na swichi yake, kabla ya jiko lolote.

Siku ya pili nilikaa na shangazi tukaorodhesha mizigo. Taa kumi za LED, Wati 90. Zamani balbu kumi za Wati 60 zingekula 600, na tofauti hiyo peke yake ni nusu ya jiko la presha. Friji 150, runinga 100, pasi 1,000, birika 2,000, jiko la presha 1,000, pampu ya maji 750, na hita ya mpangaji 4,500. Jumla ni Wati 9,590, yaani Ampea 41.7, juu ya swichi kuu ya Ampea 30. Bila shaka havitumiki vyote kwa wakati mmoja. Tulichukua saa moja ya usiku, taa, friji, runinga, jiko na birika vikiwa kazini: Wati 3,340, au Ampea 14.5. Hapo nyumba yapumua. Hita ikiwashwa saa hiyo hiyo, jumla hufika Ampea 34. Hita peke yake huvuta Ampea 19.6 kupitia waya uliokusudiwa taa mbili.

Nilimpa shangazi jibu lake. Jiko ndiyo, kwa waya wake mpya wa 2.5 kutoka bodi mpya. Hita hapana, mpaka nyaya za vyumba vya mbele na swichi kuu vibadilishwe na maombi ya njia kubwa zaidi yapelekwe TANESCO. Alinyamaza kidogo, akahesabu kodi ya miezi mitatu kwa vidole, akauliza kama waya wa banda waweza kusubiri mpaka Machi. Nilimwambia hauwezi. Akaenda chumbani akarudi na fedha.

Mpangaji hakuifurahia habari ya hita. Fundi alipomaliza kuvuta waya mpya wa banda, nililipeleka birika lile lile kwenye soketi ya uani mbele yake, nikampa saa aishike mwenyewe. Lilichemka kwa dakika 4 na sekunde 15. Vyumba vya mbele bado vina mpira wa mwaka 1957. Vimepangiwa zamu yao baada ya masika, na mpaka wakati huo hakuna anayeruhusiwa kuvigusa kwa bisibisi.